Meno ya Mlinzi wa Bwawa

Mlinzi wa bwawa la mlimani alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kujisifu. Miji mitatu kule bondeni, hospitali, mashamba ya mboga, hata kiwanda cha barafu cha mkwe wake mtarajiwa, vyote vilitegemea maji yake. "Mimi nikipiga chafya hapa," aliwaambia wageni, "huko chini wanalowa."

Ukisikia kujipalia makaa ndio huko. Asubuhi ya harusi ya bintiye aliinama ukingoni kusoma kipimo cha maji, akapiga chafya kweli. Meno yake ya bandia yakaruka, chubwi, yakazama. Na hotuba ya kumuaga binti alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya mabomba mpaka akaijua kwa moyo, maana mtoto ni huyo huyo, hana mwingine.

"Baba watoto, fumba mdomo," mkewe alimwambia. "Wakijua meno yako yamo majini, nani atakunywa leo?"

Basi ukumbini akafumba. Wakwe wakimsalimu, anatikisa kichwa. Wakimtania, anatazama dari. Shangazi wa bwana harusi hakuchelewa. "Huyu mzee ana maringo," alisema kwa sauti. "Hata salamu zetu haziitikii. Tunaoa kwa watu gani hawa?" Bi harusi alisikia, machozi yakaanza kumlengalenga.

Mlinzi hakuweza kuvumilia hilo. Heri aibu yake kuliko machozi ya mwanawe. Alisimama, akafunua ufizi mtupu, akaeleza yote, chafya na bwawa na meno. Maneno yalitoka kwa mluzi lakini yalieleweka, maana ukumbi mzima uliweka glasi chini kwa pamoja. Shangazi mtu alikuwa ameshameza. Akabaki ameshika koo.

Baba wa bwana harusi, mwenye kiwanda cha barafu, alimkazia macho. Kisha akageukia ukutani, akahangaika kidogo na leso, akaja kumkabidhi mlinzi kitu mkononi.

"Yatakubana," alinong'ona, mashavu yamebonyea. "Lakini hotuba ya binti haiahirishwi, mkwe wangu."

Mlinzi aliyasuuza kwa maji yale yale, akayavaa, akahutubia. Alimsifu mwanawe mpaka wapishi wakatoka jikoni kusikiliza, na mwenye barafu akalia huku amefumba mdomo. Alipomaliza aliyafuta vizuri, akamrudishia mwenyewe kabla chakula hakijafika mezani.