Kahawa ya Fundi Makochi

Mume wangu ana masikio mawili, lakini kwa daktari alikwenda na nusu ya moja. Tuliambiwa ini lake limeanza kuwa gumu, aache pombe kabisa na arudi kupimwa. Akauliza kama kahawa ina ubaya. Daktari akasema haina; watafiti wameona wanywaji wa kahawa mara nyingi wana maini yenye afya zaidi, ila kahawa haifuti pombe.

Hilo la mwisho halikufika nyumbani.

Tangu hapo kila asubuhi namjazia chupa ya kahawa chungu, anakwenda nayo karakana. Macho yake yakawa ya manjano. Nikimsihi turudi kupimwa, ananijibu kwamba uchafu ndio unatoka.

Mchana mmoja nikampelekea chakula. Nikamkuta amejitandaza kwenye kochi la mteja lililovuliwa kitambaa, mkono mmoja pombe kali, mwingine kahawa. Anamsomesha Misumari, seremala wake wa fremu: kahawa inatangulia, pombe ikifika inakuta mlango umefungwa. Misumari na ndevu zake zote anaitikia kwa kichwa kama mtoto wa chekechea.

Misumari akanikaribisha, shemeji huku, shemeji kule, akisukuma glasi yake nyuma ya kopo la gundi. Nikamwambia aiache tu, gundi haina macho lakini mimi ninayo. Mume wangu akacheka, akaninyooshea kikombe nimwongezee.

Nikamwongezea.

"Kahawa nitakupikia mpaka uzeeke, baba. Ila huo uzee wenyewe unauzamisha kwenye hiyo glasi. Daktari alisema kahawa haifuti pombe. Nilikuwepo, na mimi si kiziwi."

Misumari akamgeukia. "Fundi, hilo mbona hukuniambia?"

Kicheko kikamkauka mume wangu. Akaanza hadithi za kwenda kupimwa wiki ijayo, kochi la watu, mteja mkali. Nikaichukua glasi yake nikaimwaga nje ya mlango. Mteja akae sakafuni, nikasema, sakafu haijaua mtu.

Akakikodolea macho kikombe.

"Na wakikuta ini limeshaharibika?"

Sauti yake ilikuwa ndogo, na ikaniudhi kuliko ulevi wenyewe. Kumbe siku zote hizo alikuwa anaogopa, na badala ya kuniambia mimi mkewe, akaniweka jikoni nimchemshie uongo.

"Tutaambiwa hukohuko," nikasema. "Vaa viatu."

Akainama kuvitafuta chini ya kochi.