Posa Aliyopeleka Majidi

Watu wa Usoke mnipishe niseme, maana nimenyamaza mpaka koo linaniwasha. Tekla ni mtoto wa kaka yangu. Mimi ndiye shangazi yake, na mambo ya kuolewa kwake yalikuwa kazi yangu.

Erasmus alikuwa Mluguru, fundi pikipiki pale karibu na stesheni. Sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kulala kwao njiani. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukubebea kuku wako bandani mchana kweupe nawe ukabaki kucheka. Basi kila asubuhi Erasmus akipita tukiwa tunachambua tumbaku, alipaza sauti: "Mke wangu, chai yangu iko wapi?"

"Mume gani hana hata kuku?" Tekla anamjibu. "Pita huko, mtumwa wangu." Tulicheka mpaka majani yakatuponyoka mikononi.

Kumbe mwenzetu alikuwa amependa kweli. Alipotaka kuposa alitaka iwe kwa heshima, akawauliza wazee watu wa huku zamani waliposa kwa kitu gani. Wakamwambia jembe. Akanunua jembe jipya, akalifunga kitambaa cheupe. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Lakini mshenga akamtuma nani? Majidi! Majidi kinyozi, Mzaramo, mtani wetu kuliko watani wote, ambaye mwaka juzi alilizuia jeneza la mjomba wangu mlangoni mpaka akapewa soda. Erasmus alijitetea baadaye kwamba huku ugenini hakuwa na mtu mwingine wa pande za kwao. Sawa, lakini jambo zito vile unampa Majidi?

Majidi alikuja amevaa koti, uso mkavu, akatoa posa. Tukaangua kicheko. Akaapa kwamba ametumwa kweli. Kadiri alivyoapa ndivyo tulivyozidi kushika mbavu. Tekla akalipokea jembe, akaingia ndani, akatoka na mpini wa zamani ulioliwa na mchwa, akamkabidhi. "Kamwambie mtumwa wangu, jembe lisilo na mpini silimii."

Kesho yake Erasmus akapita. "Habari za asubuhi, Tekla," akasema, akaenda zake. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Hakuulizia chai wala mke. Tekla akaliweka chini fungu la tumbaku, akanitazama.

"Shangazi, ile posa ilikuwa ya kweli."

"Ilikuwa ya kweli," nikamwambia.

Akalia palepale, kwa sababu naye alimpenda siku nyingi na alikuwa anajificha ndani ya utani kama mwenzake. Nikamwambia machozi hayasaidii kitu, aende akaseme ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe, na asichanganye na mzaha. Akachagua Jumapili, baada ya misa. Akafua gauni lake la bluu. Akalitia jembe mpini mpya, akaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukawa laini.

Jumamosi Erasmus alikwenda Urambo kufuata vipuri. Lori lilimgonga kabla hajafika, akafa hapohapo barabarani.

Ndugu zake walikuja kwa treni kutoka Morogoro, dada yake Agnetha akiwa mbele, wakakubali azikwe hapa. Sasa, msiba wa Mluguru ukiwa huku kwetu, watani ni sisi, na tuna kazi yetu. Tunavaa viatu vya marehemu, tunaiga mwendo wake, tunawachekesha wafiwa wapumue kidogo. Watu wakaanza kuulizana Tekla yuko wapi, mtani wake mkubwa yuko wapi.

Tekla akaja. Alivaa gauni la bluu, kajifunika kanga kichwani, jembe mkononi. Akapita katikati ya watu, akaketi mkekani ubavuni mwa jeneza, pale anapokaa mke.

"Mimi ndiye mjane," akasema. "Aliniposa, na nimekubali."

Uwanja mzima ukacheka. Wakamtupia sarafu mapajani, kama mtani anavyotuzwa.

"Nimekubali, Erasmus. Unanisikia? Nimekubali."

Machozi yanamtiririka, na watu wanasema mtazameni anavyojua kulia, huyu ni kiboko. Majidi peke yake ndiye aliyeliona lile jembe akainamisha kichwa. Nikasimama, nikawaambia wanyamaze, huyu mtoto anasema kweli. Wakacheka zaidi, wakasema na shangazi naye kaanza. Nina hasira nao mpaka leo, na sijui niwalaumu kwa lipi, maana walifanya tulichowafundisha sisi wenyewe.

Agnetha akamsogelea Tekla, anajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamshika mkono.

"Asante, mtani wangu," akamwambia. "Tangu tupate habari sijacheka."

"Karibu, wifi," Tekla akajibu.

Agnetha akacheka tena.