Kipoyi Hairudishaka Mutu

Kule Masisi, kwenye kilima ya kwabo Zéphirin, mutu akigonjwa mpaka kushindwa kutembea, hakuna mwenye alikuwa anauliza nani atamupeleka hospitali. Filimbi ikilia, kila nyumba inatosha bega moja. Banafunga kirago kati ya mianzi mbili, banalalisha mugonjwa, banamufunika blanketi, na wimbo inaanza. Njo ile kipoyi. Mwenye hakuleta bega yake analipa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na batu banakunywa ile kasiksi mbele yake banamucheka.

Zéphirin njo alikuwa mukubwa wa kipoyi. Alikuwa anatangulia na panga, anafungua njia kwenye umande, na njo yeye alikuwa analinda sheria. Kipoyi haisimamaka kwa mutu njiani, ata kwa chefu. Na kipoyi hairudishaka mutu: mwenye amepona anarudi na miguu yake. Mwenye anarudi amebebwa, ule ni wa kuzika.

Kisha vita ikabatosha kwenye kilima. Balipita kwenye kambi ya bakimbizi ya Kanyaruchinya, balilala chini ya bashé za plastiki, kisha bakapata kanyumba ka mbao huku Majengo, kartiye moja ya muji. Ng'ombe zilibakia kule, ao zilikulwa, nani anajua. Asubuhi Zéphirin alikuwa anaamuka, ananusa moshi ya makala ya majirani, anafunga macho. Alikuwa anatafuta harufu ya maziwa na majani mubichi. Haikuwa inakuya.

Siku moja, kisha misa, mama mumoja wa upande wa Bukavu, jina yake Nabintu, alimukamata mukono. Alikuwa anaandikisha batu kwenye mutuelle, ile ya kusaidia bagonjwa.

"Papa Zéphirin, kila mwaka unatoa kidogo ya nyumba yako. Mutu wako akipata bugonjwa kubwa, ata ya kupasuliwa, mutuelle inalipa sehemu kubwa, weye unalipa ile ndogo."

"Na mwaka ikiisha bila mutu kugonjwa kwangu, munanirudishia?"

"Hapana. Inakuwa imeisha kuponesha mwengine."

"Mwengine nani?"

"Mwenye aligonjwa, Papa!"

Zéphirin akaanza kucheka mpaka machozi. "Aka! Mama, kumbe ni kipoyi! Ungesema vile tangu mwanzo."

"Basi ni kipoyi," Nabintu akasema, yeye mwenye hakuonaka kipoyi ata siku moja.

Alimuelezea na mambo ingine: kwamba miezi ya kwanza ni ya kungoja, juu batu basikuye kuingia siku tumbo imeisha kubaluma, kwamba mugonjwa anaanzia kwenye centre de santé ya kartiye, ile kahospitali kadogo, na centre njo inamutuma hospitali. Zéphirin alikuwa anaitika, ee, ee, lakini roho yake ilikuwa imeisha kupanda kilima. Alikuwa anasikia filimbi. Siku ile ile akaandikisha nyumba yake na kulipa.

Mwaka ya pili, tumbo ya bibi yake Philomène ikaanza kuvimba upande moja. Akakonda uso, akaacha kwenda soko, kisha akashindwa kusimama. Kumupandisha moto, ile pikipiki? Mawe ya volkano ya Majengo ingemumaliza mbele ya bugonjwa. Gari haiingiaka kwenye kale kanjia.

Zéphirin hakufikiri mara mbili. Akaenda kuita bijana ya kilima, benye balikimbia naye. Bijana, ni kusema tu: Donat alikuwa na mvi, na Ruffin hakuwa na meno ya mbele. Bengine babili bakakuya. Bakafunga mianzi. Bega zilikuwa zimekonda, lakini zilikumbuka. Ruffin akatosha wimbo, na kwa mara ya kwanza tangu vita, Zéphirin akatembea mbele ya kipoyi.

Batu ba Majengo bakatoka kuangalia. Mbele ya centre de santé, infirmier, muuguzi wa pale, akasimama kwenye mulango: "Bazee, munamupeleka wapi? Mumuingize!"

"Kipoyi haisimamaka!" Donat akamujibu, na bakapita mbio, bakiimba.

Kufika hospitali, binti wa reception akaomba karatasi ya transfert, ile yenye centre inaandika ya kutuma mugonjwa hospitali. Habakuwa nayo. Bakaita Nabintu, mwenye alikuwa na meza yake pale ya mutuelle.

"Papa Zéphirin! Transfert ya centre iko wapi?"

"Hatukusimama pale, mama. Ni kipoyi."

Nabintu akashika kichwa. "Nilikuambia! Kila mutu akikuya huku juu na kikohozi yake, ile ya kusaidia benye kuvimba tumbo itabakia? Ingekuwa damu inamutoka mingi, bangemupokea mara moja. Lakini docteur amemugusa, anasema anaweza kungoja mpaka jioni. Bila centre kumuona, mutuelle hailipe. Opération yote itakuwa juu yako."

Zéphirin hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba. Bila mutuelle, Philomène hapasuliwe. Alijua vile bila kuambiwa.

"Mumurudishe pale chini kwenye centre, bamuone, mupande tena," Nabintu akasema.

Donat akaweka mwanzi chini. "Kumurudisha? Na kipoyi? Mie hapana. Mama yangu tulimurudisha vile. Weye ulikuwa mbele, Zéphirin. Unajua tulimufikisha wapi."

Zéphirin aliona ile siku: mvua, kilima imenyamaza, na bamama kwenye njia banatosha bitambaa kwenye kichwa, sawa vile kwa maiti.

Ndani ya blanketi, Philomène akakohoa. "Zéphirin. Ile sheria, ni weye uliitunga?"

"Niliikuta."

"Benye kuitunga baliikuta mutuelle?"

"Mama, usicheke na bintu hivi."

"Sicheke. Niko na njaa, na mugongo inaniuma juu munabeba sawa batu ba kuiba mbuzi. Munigeuze."

Zéphirin akamuangalia murefu. Kisha akainama, yeye mukubwa wa kipoyi mwenye hakubebaka tangu ujana, akaweka mwanzi ya Donat kwenye bega yake.

"Tuimbe gani?" Ruffin akauliza polepole. "Ya kurudisha muzima haiko."

"Imba ile ya kupeleka. Tunamupeleka."

Kuingia Majengo, bamama baliona kipoyi inashuka, bakapika kelele: "Mawee! Philomène wetu!" Mumoja akajitupa chini kabisa. Mukono ikatoka kwenye blanketi.

"Mama Léocadie, simama, utachafua kikwembe! Siyakufa bado!"

Kilio ikageuka kicheko, na bale bamama bakabasindikiza mpaka kwenye centre. Infirmier akamupima, akaandika transfert, akinunguna: "Si nilibaita asubuhi?" Wakati ya kupanda, Zéphirin akasikia mutu nyuma yake anamutosha mwanzi kwenye bega. Ilikuwa Donat. Alikuwa amebafuata yote ile njia, mbali kidogo. Akaingia kwenye wimbo.

Jioni Philomène akaingizwa. Nabintu akakuya kusema mutuelle imeitika. Ile sehemu ndogo, bakristu ba kartiye bataisaidia.

"Mama," Zéphirin akauliza, "ni banani banamubeba? Kwetu, ukibebewa mutu, unaenda kushukuru kwa kila nyumba."

"Batu mingi, Papa. Bengine beko Himbi, kule kwa batajiri, bengine ni bacommerçants ba soko. Mie mwenyewe sibajue bote."

"Na mwaka ya kwanza, yenye hatukugonjwa?"

"Ile mulibeba mutu."

"Nani?"

"Siwezi kukuambia. Lakini alipona."

Zéphirin akagusa bega yake, ile yenye ilikuwa inauma tangu muchana. Kisha akatoka, akasimama kwenye mulango ya hospitali. Kila mwenye alikuwa anapita, mama wa mandazi, mutu wa moto, bwana wa costume, alimusalimia na mikono mbili, akainama kidogo, sawa vile banasalimiaka mutu mwenye amekubebea wako.