Kilio cha Shaarawi

Shaarawi, mchinja ng'ombe wa Kairo, hakutoa chozi siku alipomzika mkewe Insaf. Alilia sinemani tu, Alhamisi mchana, kwenye viti vya mbao vya mbele, akitazama akina mama waliopotelewa na watoto wao.

Alhamisi moja, mama wa kwenye filamu alipomtambua mwanawe gerezani, kijana mmoja nyuma akaangua kicheko. "Upuuzi mtupu. Mtu mzima analilia hiki?"

"Nyamaza, mwanangu," akasema Shaarawi bila kugeuka.

"Kapenge kamasi kwanza, mzee."

Shaarawi akaruka viti viwili, akamkaba koo, akampiga kichwa cha pua mpaka mfupa ukalia. Kijana akampasulia chupa ya soda utosini. Filamu ikasimamishwa, taa zikawaka, na wanaume wanne wakamkunja Shaarawi mikono mgongoni. Hajji Bayumi, mwenye sinema, akaja na rungu.

"Toka, Shaarawi. Usikanyage tena hapa."

"Natoka, Hajji. Lakini kile kipande hatujakiona."

Pale sinemani, ugomvi ukikata filamu, kipande hurudishwa. Watu wa mbele wakaanza kugonga viti. "Rudisha, Hajji! Utamfukuza baadaye."

Bayumi akasonya, akampungia mkono mwendesha mashine. Taa zikazimwa. Mama akamtambua mwanawe upya, akamkumbatia, na Shaarawi, damu ikimwingia machoni, akamlilia Insaf kwa sauti, wale wanne wakiwa bado wamemshikilia.

Mama alipomaliza kumbusu mwanawe, wakamburuta mpaka mlangoni, wakamtupa nje juani.