Njia ya King'ora

"Kushoto! Kata kushoto sasa hivi! Unangoja nini, uletewe chai?"

Nikakata kushoto. Aliyekuwa akinielekeza ni dada yangu mkubwa, ambaye kwa miaka miwili hakuwa ameona kushoto wala kulia.

Nilikuwa na miaka sabini na moja, na ndiyo kwanza nilikuwa nimetoa gari getini. Mtu anaweza kucheka. Mimi sikucheka. Jasho lilikuwa limenilowesha mpaka mkanda wa suruali, mikono imeng'ang'ania usukani kana kwamba kuna mtu anataka kuninyang'anya, na pembeni yangu yuko mwanamke aliyeendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na saba, akisikiliza injini na kunipigia kelele kila gia ilipolia.

"Namba mbili! Husikii inakulilia? Itoe kwenye moja, itakufa mikononi mwako!"

Sukari ilianza kumla macho. Ilipomaliza huko ikahamia kwenye figo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilikuwa lazima alazwe kwa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, katika hospitali iliyoko upande wa pili wa mji. Mwanawe ndiye aliyekuwa akimpeleka, mpaka alipohamishwa kikazi. Teksi? Alikwisha kugombana na madereva wote wa mtaani kwetu. Huyu anakanyaga breki kama anaua mende, yule anaongea na simu, mwingine hajui kutumia vioo. Wa mwisho, dada mwenyewe alimsimamisha katikati ya safari, akashuka na fimbo yake, akaketi ukingoni mwa barabara mpaka nilipomfuata kwa miguu.

"Gari lipo uani," aliniambia siku ile. "Na wewe upo. Tatizo ni nini?"

Tatizo lilikuwa mimi. Nimezunguka sana. Nimelala kwenye maghala na kwenye mabehewa, nimepikia kambi za watu wanaojenga barabara, nimesafiri juu ya magunia, juu ya mbao, mara moja juu ya majeneza matupu. Dada aliniita Kiguu na Njia tangu nilipoacha shule, mara ya kwanza, maana niliiacha mara nne. Lakini mpaka siku ile sikuwa nimegusa pedali tangu nilipokuwa na miaka ishirini na mbili. Wakati ule nilikuwa utingo wa lori la saruji. Dereva alisimama kwenye mlima kununua soda, na kwa kuwa breki ya mkono ilikuwa mbovu, akaniambia nikae pale nikanyage ya mguu. Nikakanyaga. Alikuta watu dukani, akakaa. Mguu ukafa ganzi, ukateleza. Lori likaanza kurudi nyuma polepole, halafu si polepole tena, likaingia kwenye kibanda cha kinyozi. Kinyozi na mteja wake walikuwa wametoka nje kutazama ugomvi wa jirani. Kiti kilikuwa bapa. Kioo kilibaki ukutani, kizima kabisa, na ndani yake nilijiona nimeshika usukani.

Basi. Nikawa abiria kwa karibu miaka hamsini.

Nilijifunza wakati mwanawe amechukua likizo kuja kumpeleka. Likizo ikaisha, na sasa leseni nilikuwa nayo. Niliipata kwenye mtihani wa tatu, na nadhani mkaguzi aliitoa ili asinione mara ya nne. Lakini Jumatatu ya wiki ile niliwasha gari, nikafika getini, nikazima. Mguu ulikataa kuachia breki. Tulikaa pale nusu saa, yeye amefunga mkanda, mkoba mapajani. Nikataka kuita teksi. Akasema teksi atapanda akiwa maiti. Tukarudi ndani. Kufika Jumanne jioni miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia, na Jumatano asubuhi alikuwa anahema kwa kukaa tu. Daktari alikwisha kutuambia waziwazi: akikosa mara mbili mfululizo, tusije tukalaumiana.

Ndiyo maana nilitoka getini. Si ushujaa. Nilifukuzwa na kule kuhema kwake.

Na kweli tulifika mbali. Mji wote alikuwa nao kichwani. "Hapa kuna tuta, punguza. Hapo kuna harufu ya mkate, sivyo? Basi jiandae." Nikajiandaa, akaniambia nikate kushoto, nikakata, tukaanza kupanda kilima. Ndipo nikaona kibao. Kisha nikaona magari, safu nzima, yote yakishuka, yote yakinitazama mimi.

"Dada, hii ni njia ya upande mmoja!"

"Nani kasema? Panda!"

"Kibao kimesema!"

"Nimepita hapa miaka ishirini na saba, mchana na usiku. Hata siku moja hakuna aliyenizuia."

"Ulikuwa na king'ora, Dada! Ulikuwa na king'ora, na ulikuwa unaona!"

Gari likazimika.

Neno lile la kuona hatukuwa tukilisema nyumbani. Yeye mwenyewe alisema anaona vivuli, na sisi wote tukakubali kuwa anaona vivuli. Akafunga mdomo. Akaweka mikono juu ya mkoba, na ikabaki pumzi yake peke yake, fupi fupi, pamoja na honi za watu wazima wasio na adabu.

Mbele yetu kulikuwa na gari la mikate. Dereva wake akashuka, akainama dirishani kwangu.

"Mzee, udereva ulisomea wapi, redioni?"

"Usinichokoze, kijana."

Akamwona dada. Akaiona ile miguu, imefungwa khanga badala ya viatu. Sauti ikabadilika. "Shuka basi, baba, nikutolee. Ni kurudi nyuma tu mpaka barabara kubwa."

Ni kurudi nyuma tu! Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nakiri. Nilitaka kushuka na kutembea mpaka mji mwingine, kama nilivyozoea. Nikamgeukia dada aseme lolote, anitukane, aniite mpumbavu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi nisiyoipenda.

Nikachoka. Siwezi kuliita jambo hili kwa jina zuri zaidi. Nilichoka na honi, na vibao, na dada, na kijana wa mikate, na zaidi nilichoka na mguu wangu mwenyewe, unaotetemeka mwaka hadi mwaka kama mtoto wa kudekezwa. Leo angenitolea huyu. Ijumaa angenitolea nani?

"Nenda kule chini," nikamwambia, "uzuie magari."

"Una hakika, baba?"

"Sina. Nenda!"

Nikawasha. Nikaweka gia ya nyuma, ikalia, na hakuna aliyenikemea. Nikaachia breki kidogo. Gari likaanza kuteleza. Nikakanyaga, likasimama. Nikaachia, likaenda. Nikakanyaga, likasimama. Kumbe linasikia. Shubiri kwa shubiri nikalishusha kilima kile, huku kijana wa mikate amepanua mikono katikati ya barabara kubwa kama mfalme, na watu wakimtukana yeye badala yangu.

Tulifika hospitali tumechelewa dakika arobaini. Muuguzi alinigombeza mimi. Nikapokea.

Saa nne baadaye dada alitoka akiwa mwepesi, akaingia garini, akafunga mkanda. Nikangoja amri. Nikawasha gari mwenyewe, nikaweka gia mwenyewe. Tukapita tuta, tukapita duka la mikate, yeye kimya, mpaka nikahisi gari limekuwa kubwa mno. Tulipofika kwenye njia panda akainua kidevu, kama mtu anayenusa.

"Taa ni rangi gani?"

"Nyekundu."

Akafikiri.

"Basi simama."

"Nimeshasimama, Dada."