Umeme wa Watu wa Kivulini

Kijiji chetu kimegawanywa na mto mdogo. Walio ng'ambo wanaitwa watu wa Yangji, upande wa jua. Sisi tuliokaa mgongoni mwa mlima ni watu wa Eumji, upande wa kivuli. Kuanzia Novemba jua kwetu linachungulia tu na kuondoka, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ulipokuja mpango wa kufunga paneli za sola kwenye mapaa, wenzetu wa Yangji walifungiwa wote. Kwetu fundi alitazama paa, akautazama mlima, akatikisa kichwa.

"Mama Se-rin," akaniambia, "hapa hata nikifunika paa zima, utapata umeme wa kuchaji simu."

Jirani yangu ni Bibi Bun-rye. Mumewe, Mzee Dal-ho, alichimba makaa ya mawe tangu ujanani mpaka mgodi ulipofungwa, na vumbi lile bado limo kifuani mwake. Anapumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine hiyo haizimwi. Asubuhi moja ya Januari niliwapelekea kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha kwa pilipili, nikamkuta bibi jikoni kavaa koti, kofia na soksi mbili mbili, anamenya viazi.

"Bibi, safari ya wapi?"

"Niende wapi na magoti haya?"

"Sasa mbona umevaa hivyo ndani ya nyumba?"

Akacheka, mvuke ukamtoka mdomoni kwa baridi. "Mashine ya mzee inakula umeme kama ng'ombe anavyokula majani. Basi tumegawana. Yeye kachukua pumzi na blanketi la umeme, mimi nimechukua koti."

Machozi yakanilengalenga. Akaniona.

"Kalilie kwako. Hapa yataganda."

Sikwenda kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Seok, nikamweleza. Akaniambia kuna vijiji ambavyo watu wameunda ushirika na kujenga uwanja mmoja wa paneli. Umeme unaingizwa kwenye nyaya za shirika la umeme, na kila mwanachama anapunguziwa bili yake, hata kama nyumba yake iko shimoni.

"Mkopo tutapata," alisema. "Kinachokosekana ni ardhi. Iwe upande wa jua, na iwe tupu."

Ardhi hiyo ilijulikana na kila mtu. Mzee Pyo wa Yangji alikuwa mkulima wa jinsengi, ule mzizi wa dawa, na shamba lililovunwa jinsengi lazima lipumzike miaka mingi kabla ya kupandwa tena. Lake lilikuwa limelala, limejaa magugu. Lakini Mzee Pyo ni mtu wa kununa. Anaweza kunywa chai nawe asubuhi nzima asikuambie hata kama ni tamu.

Bwana Seok alimwomba mbele ya watu, ukumbini. Mzee Pyo hakumwacha amalize.

"Jinsengi haitaki jua. Maisha yangu yote nimejenga vibanda vya kulizuia lisiingie shambani. Leo mnataka nilikamate niwagawie? Hapana."

Akavaa viatu, akatoka.

Sisi wa Eumji tuliinamisha vichwa. Kuomba kunatutia haya, na kukataliwa mbele za watu ndiyo zaidi. Bibi Bun-rye pekee alisimama, akachukua fimbo yake, akamfuata. Nami nikamfuata bibi, nikihofia atateleza kwenye barafu. Tulimkuta mzee anafungua lango lake.

"Pyo! Hebu simama. Sijaja kuomba."

"Umekuja kufanya nini, dada?"

"Biashara. Chini ya paneli kutakuwa na kivuli, sivyo? Wewe umelima kivulini, mimi nimeishi kivulini tangu niolewe. Tupande gomchwi, ile mboga ya mlimani ya majani mapana. Mjini wanaigombania. Wewe utaelekeza, wanawake wa Eumji tutapalilia. Mavuno nusu kwa nusu."

Mzee Pyo alimkazia macho. "Nani amekufundisha ujanja huu?"

"Baridi."

Kisha mzee akasema, "Paneli zinyanyuliwe juu. Sitaki kulima nimejikunja kama kamba wa baharini." Akafunga lango, akalifungua tena. "Dal-ho anaendeleaje?"

"Anapumua, kwa mashine."

"Mbona hamkusema ni kwa ajili ya mashine yake?"

"Ulitoka kabla hatujafika hapo."

Theluji ilipoyeyuka kazi ikaanza. Watu wa Yangji walivuka mashamba yao wakaja kutuchimbia mashimo ya nguzo, ilhali wao umeme wanao na hakuna walichokuwa wanakitafuta pale. Nilipika tambi za moto kwenye sufuria kubwa, na kila niliyempa bakuli nilitamani kumwambia jambo, nikaishia kumwongezea supu.

Majira ya baridi yaliyofuata niliingia kwa Bibi Bun-rye nikamkuta na blauzi nyepesi, mikono kaikunja.

"Vua viatu haraka," aliniambia. "Kanyaga hapa. Na hapa. Sakafu nzima!" Nikakanyaga. Joto la nyaya zilizo chini ya sakafu, ambazo sasa waliweza kuziwasha, lilinipanda mpaka magotini.

Mboga ya kwanza ilipokomaa, Mzee Dal-ho alitaka kuliona shamba. Gari lilimfikisha kandokando. Kutoka hapo Mzee Pyo alimbeba mgongoni, nami nikafuata nimeshika mtungi mdogo wa oksijeni. Tuliketi chini ya paneli, bibi akaanza kufunga wali na nyama kwenye majani mabichi.

"Pyo," Mzee Dal-ho akasema, akavuta pumzi, "asante."

"Kula. Usimalize pumzi kwa maneno," akajibu Mzee Pyo, akageukia upande wa mto.

Mimi nilikuwa nimekumbatia mtungi kwa mikono yote miwili, sikuweza kula. Bibi Bun-rye akafunga tonge nene kuliko yote, akanitia mdomoni kwa mkono wake.