Taa ya Kijani ya Orville

Nimefanya kazi za kila namna katika majimbo kumi na moja ya Marekani, lakini ile ya kulinda mlango wa Bunge la jimbo ndiyo inayonifuata mpaka leo.

Lilikuwa jimbo la ngano na theluji, sitalitaja. Mwaka huo, tisini na tatu, ukaletwa tena mswada wa kuzikataza kampuni za bima ya afya kumkataa mtu kwa sababu tayari ni mgonjwa. Ulikuwa umeshaanguka mara mbili. Aliyeuleta ni mheshimiwa Delphine Kopecky, mwalimu, ambaye binti yake Corrine alikuwa na kisukari tangu utotoni. Mwezi Mei Corrine angetimiza miaka kumi na tisa na kutolewa kwenye bima ya mama yake, na hakuna kampuni iliyomtaka.

Meza ya jirani yake alikaa mzee Orville Stensrud, mkulima, wa chama kile kingine. Walitaniana kutwa.

"Mama, kura yangu unaitaka bure hivi hivi? Pai iko wapi?"

"Ya tufaha au ya boga?"

"Zote. Mimi sichagui."

"Ndiyo maana hujawahi kupiga kura ya maana hata siku moja!"

Kura zilipigwa kwa vitufe vya mezani, kijani ndiyo, nyekundu hapana, na jina la mtu likawaka ubaoni. Kanuni ilisema kila mtu ajibonyezee. Nani aliifuata? Jirani akitoka kuvuta sigara, unanyoosha mkono unambonyezea. Wengine walikuwa na kifimbo kabisa cha kufikia kitufe cha mbali.

Siku ya kura Orville hakuonekana. Jana yake alisema kifua kinambana, akichelewa Delphine ambonyezee. Saa nne na nusu asubuhi Delphine akanijia mlangoni.

"Kaka, kimbia hotelini ukamwamshe yule mzee. Tuko thelathini na sita kwa thelathini na tano, naye ndiye wa thelathini na sita. Leo nataka aje mwenyewe."

Nikavuka barabara. Mhudumu akanifungulia chumba. Orville alikuwa kitini, na tai shingoni, kiatu mguu mmoja. Nilimshika mkono, ulikuwa umepoa na kukakamaa. Mezani palikuwa na karatasi, mwandiko wake: "Delphine, leo usinibonyezee. Nakuja mwenyewe."

Nikaitia mfukoni, nikamwambia mhudumu aite daktari, nikarudi mbio.

Mlango ulikuwa umeshafungwa, kama kawaida wakati wa kura. Nikachungulia kwenye kioo. Delphine alitazama mlango, akatazama kiti cha Orville, kisha akanyoosha mkono. Ubaoni jina la Stensrud likawaka kijani.

Ngumi yangu ilikuwa imeinuka. Kugonga mara moja tu kungetosha. Nikaishusha.

Mswada ukapita. Delphine akatoka akicheka huku machozi yakimtoka, akauona uso wangu.

"Yuko wapi?"

"Amefariki, mama."

"Lini?"

"Nimemkuta ameshapoa."

Akashika ukuta. "Aliacha neno lolote?"

"Hakuna."

Daktari aliandika siku ya kifo tu. Hakuna aliyeuliza saa. Sheria ikatiwa saini, Corrine akapata bima. Ile karatasi niliichoma kwenye jiko, lakini maneno yake nilikuwa nayo kila nilipofunga ule mlango. Mtu aliyezoea kubonyezewa, siku hiyo alitaka kuja mwenyewe kubonyeza rangi ipi?

Januari Corrine alikuja Bungeni na mama yake. Delphine alikuwa ameomba meza nyingine, akapita bila kunitazama. Binti ndiye aliyesimama, akanipa mkono, wa moto kabisa kwenye baridi ile.

"Mzee, mama haniambii kitu. Yule babu aliitaka kweli sheria yangu?"

"Aliitaka, mwanangu. Sana."

Akanishukuru. Wiki hiyo hiyo nikarudisha funguo, nikapanda basi la kwenda mbali.